Kiti cha Umeme na Mkono Wangu

Bujiku mwanangu, na wewe mkwe wangu Melania,

Maharage yapo jikoni, yapasheni. Kuku wafungieni mapema.

Nimepanda guta la mizigo kwenda kwa fundi Ngokolo na hicho kiti cha magurudumu cha umeme, cha mtumba, mlichoninunulia Geita. Ng'ombe mkimnunua mnamkagua meno, mnamtembeza. Kiti changu mlikijaribu ninyi wenye miguu, mkazunguka nacho uani kwa muuzaji mkicheka, mkalipa. Leo asubuhi nimekikalia, kifimbo cha kuendeshea kipo kulia! Nimegonga ukuta, Melania ukasema nitazoea. Nizoee nini?

~~Msinifuate.~~ Bujiku, njoo unichukue saa kumi.

Mwandiko umepinda, nimeandika kwa kushoto. Kulia kumekufa tangu nipate kiharusi. Tunakula pamoja kila siku. Kijiko huwa nakishika kwa mkono gani?

Mama yenu