Kila Nyumba Iko na Kavira Yake

Butembo, tarehe 4 mwezi wa tatu 2024

Mudogo wangu Jokébed,

Yambo mingi kutoka huku kwa baridi. Miye, baba Luc na batoto tuko bazima, paka mugongo inanisumbua juu ya kukaa kwa mashini. Na weye? Joto ya Beni haijakumaliza? Barua hii nimeitia ndani ya paketi ya dentelle, ile kitambaa ya matundu-matundu ya nguo za arusi, metre kumi. Abdias chofere atakuletea kama kawaida.

Acha niseme wazi, roho inaniuma. Juzi mama mumoja wa hapa hapa Butembo aliingia mu duka yangu, akafungua telefone, akanionyesha nguo ya arusi, ati nimushonee kama ile. Ilikuwa yako. Aliandika kwa Google "nguo ya arusi Butembo", na wa kwanza kutoka ni weye, wa Beni. Miye niko hapa miaka kumi na munane. Niko na site, Phinées wa chorale alinitengenezea, na tuliitafuta mpaka page ya sita bila kuiona.

Nani alikufundisha kukata shingo ya nguo? Ni miye. Mama alisemaka kizuri kinajiuza, kibaya kinajitembeza. Donc weye sasa unajitembeza? Niambie ulifanya nini.

Yaya wako,
Kavira

Beni, tarehe 19 mwezi wa tatu

Yaya wangu mupendwa,

Wasingya, aksanti sana kwa dentelle, ilifika muzuri. Pole na mugongo, uweke kitambaa ya moto. Huku tuko bazima. Kakao imeuzwa, kila wiki kuko arusi.

Sikuficha kitu. Site yako inaitwa "Chez Kavira". Yaya, kila nyumba ya Butembo iko na Kavira yake. Kuko Kavira wa unga, Kavira wa saluni, Kavira wa maharagi ya Musienene. Google itajua aje ni weye? Miye niliandika vile batu banauliza: nguo ya arusi, mikono mirefu ya kanisa, bei ya kukodi, Beni na Butembo. Chini ya kila picha nikasema ni nguo gani. Kila bibi arusi nikamuomba aandike neno yake mwenyewe. Kizuri kinajiuza, ndiyo, mais ukikifungia mu sanduku nani atakiona?

Soma page yangu yote, mpaka chini. Na kama unataka, kuya tuitengeneze yako pamoja.

Mudogo wako,
Jokébed

Butembo, tarehe 14 mwezi wa ine

Jokébed,

Yambo. Tuko bazima. Page yako siwezi kuisoma. Nikiona ile picha ya kwanza, ninafunga telefone. Na Kavira ni jina baba alinipa, siibadirishe juu ya mashini ya Bazungu.

Miye na Phinées tulipata njia yetu, hapana kuuliza. Wiki mbili sasa, tangu arusi zianze huku, simu inalia kupita zamani. Tutaona nani atakuwa wa kwanza.

Yaya wako,
Kavira

Beni, tarehe 27 mwezi wa tano

Kavira,

Leo siulize habari ya afya. Jana binti mumoja, Shekinah, anayetafuta nguo ya arusi, alikuya soko ya Beni. Alinikuta nikishona, akashtuka kama ameona mufu. Alikupigia simu kuuliza habari yangu, ukamujibu: "Jokébed aliacha kushona."

Nilifungua site yako mbele yake. Akavuta kidole pale chini panaonekana peupe, herufi zikatoka. Jina yangu, mara makumi ine, nyeupe juu ya nyeupe, ili batu basione, Google ione. Anayenitafuta miye akuangukie weye. Ungeniomba jina ningekupa. Mais kusema sishone tena, ile ni kunizika.

Dentelle uliyotuma wiki hii ninakurudishia kwa Abdias, sikuifungua.

Jokébed

Butembo, tarehe 30 mwezi wa sita

Mudogo wangu,

Yambo, hata kama hautanijibu. Abdias aliweka paketi juu ya meza yangu na kamba yake vile nilivyoifunga. Sikushona siku ile.

Ni kweli yote. Ni miye nilimutuma Phinées, usimukasirikie. Wivu ilinikamata tangu siku ya ule mama na telefone yake, ikanikalia kwa shingo. Jina yako tumeifuta. Mais juu ya ule ujanja, Google imekwisha kutuondoa kabisa. Hata ukiandika "Chez Kavira Butembo" hautanipata. Nilistahili.

Cha ajabu, simu ingali inalia. Bote banaanza vile vile: "Weye ndio yaya ya Jokébed?" Nilifikiri ni ile dawa yetu inafanya kazi. Sasa site haiko, na bangali banauliza. Phinées hajue ni nini.

Yaya wako, kama ungali unakubali,
Kavira

Butembo, tarehe 18 mwezi wa munane

Mudogo wangu,

Yambo. Abdias anasema barua alikupa mukononi. Kila akipaki ninatoka kuangalia. Mugongo inauma. Sema hata neno moja.

Yaya wako,
Kavira

Beni, tarehe 2 mwezi wa kenda

Yaya,

Yambo. Siye tuko bazima. Pole na mugongo.

Phinées hajue juu ya nini simu inalia, acha miye nikuambie. Fungua page yangu. Vumilia ile picha ya kwanza, shuka mpaka chini kabisa. Kuko maneno pale tangu siku ya kwanza: "Nilifundishwa kushona na yaya wangu Kavira, wa Butembo, nyuma ya soko. Kwa dentelle, muulize yeye." Na namba yako. Shekinah aliipata pale, na bale bengine bote. Jina yangu uliyoificha haikukuletea mutu hata mumoja.

Mwezi wa tano niliifungua nikitaka kuifuta. Nililia, nikafunga telefone. Ingali pale.

Shekinah anaolewa tarehe 21. Anataka nguo ya ile shingo unayokata weye, na miye sijaiweza hata leo. Kuya na dentelle. Hapana kumupa Abdias, kuya weye mwenyewe.

Mudogo wako,
Jokébed