Tomaso Alikuwa Ameenda Wapi?

Mulamwa wangu Tomaso, shemeji yangu,

Kwa heshima na taadhima, mbele ya ukoo mzima, nakutangazia kwamba jogoo wako mwekundu amehama. Amevuka miwa yote, amejikaribisha kwangu, na sasa analala juu ya kiti cha baiskeli yangu. Hali ya kiti siwezi kuieleza kwenye barua ya heshima.

Sasa habari yenyewe. Mwanao amepata mtoto wa kiume, na jina lako limezua kesi hapa Khayega. Dada yangu Rispa, mjane wako, ndiye aliyekataa. "Asiitwe Tomaso. Mlimcheka mume wangu mpaka mkamzika. Na huyu naye achekwe?" Aliposema "mlimcheka" aliniangalia mimi. Ana haki. Kila mwaka, Jumapili ya kwanza baada ya Pasaka, likisomwa lile somo la mtume Tomaso aliyekataa kuamini mpaka aguse majeraha ya Bwana, ni nani aliyekuwa wa kwanza kugeuka kwenye benchi akutazame? Ni shemeji yako, na tumbo lake lote.

Wewe hukukasirika. Ulitungoja nje ya kanisa na swali lako: "Bwana alipowatokea wenzake, walikuwa wamejifungia ndani kwa woga. Yeye alikuwa ameenda wapi?" Halafu ulijijibu: "Alitoka kutafuta chakula. Wanaume wazima wamefunga mlango, watakula woga?"

Nilikuwa nacheka. Lakini tangu ulipotuacha, swali hilo limenikwama kama ganda la mahindi kwenye jino. Nilimuuliza katekista, akasema Maandiko hayasemi. Juzi nikaenda Shieywe kwa yule mwalimu wa hesabu, Mhindi kutoka Kerala, nikitaka tu anisaidie mambo ya kijana wangu wa sekondari. Ukutani kwake kuna picha ya mzee mwenye ndevu. Nikauliza ni babu yake? Akacheka. Akaniambia ni Tomaso! Yule yule wa benchi letu! Akasema kwao wanaamini ndiye aliyevuka bahari akawaletea Injili, na huko huko India akachomwa mkuki akafa. Wajomba zake karibu wote wanaitwa Tomaso. "Na mashaka yake?" nikamuuliza. Akashangaa: "Mtu mwenye mashaka anaweza kufika mbali hivyo?"

Mulamwa, nilitamani ungekuwa hai nikukimbilie nayo. Nilimkimbilia Rispa. Alinisikiliza huku akisonga obusuma, ugali wa jioni, halafu akauliza, "Na huko India, nani alikuwa anamfulia nguo?" Nikajua kesi bado.

Nakuaga sasa, pumzika vizuri. Nakuahidi mjukuu wako akikua nitamsimulia habari za Kerala kabla hajazisikia za majeraha. Lakini kwanza kuna jambo moja. Watu wa Khayega wanasema mtoto alipoitwa jina lako alinyamaza papo hapo, kama aliyeguswa. Wewe hukuwa mtu wa kukubali maneno ya watu, na mimi nilikuwepo.

Ilikuwa jana, na ilikuwa hivi. Mtoto alikuwa akilia tangu asubuhi, titi hataki. Kama desturi, kina mama wakaanza kuyaita majina ya waliotangulia, ili atulie kwa jina lililo lake. Wakamwita babu yako, analia. Wakamwita baba yetu, analia. Mama mmoja, kwa woga, akamtazama Rispa, kisha akaita: "Tomaso!" Mtoto akalia zaidi, mpaka akawa mwekundu.

"Mmeona?" mtu akasema. "Si lake."

Rispa akainuka, akamchukua mtoto, akamweka begani. "Ni lake," akasema.

"Lakini hajanyamaza, mama."

"Sikusema amenyamaza. Ninataka kuliita jina hilo tena humu ndani."

Akaliita polepole, mara nyingi, huku akimpigapiga mgongoni. Na mtoto alikuwa bado analia.