Kufuli Mbili za Koki ya Mifugo

Walaal Mutiso, ndugu yangu,

Mvua imenyesha, silanga, yale mabwawa yetu ya mvua, zimejaa, na koki ya mifugo imefungwa. Naanza na hilo kwa sababu nakujua: ungeuliza habari za koki kabla ya habari za watoto wangu. Watoto hawajambo, alhamdulillahi. Yule mdogo bado anauliza mzee wa peremende atarudi lini kutoka Ukambani.

Nakuandikia kwa Kiswahili maana ndiyo lugha tuliyogombana nayo miaka yote, wewe na Kikamba chako, mimi na Kisomali changu. Leo hakuna wa kunisahihisha. Nimejaribu kuandika vizuri.

Unakumbuka siku ofisi ya maji ilipokutuma hapa kwetu, upande wa Hadado, kuandikisha kamati ya kisima? Wazee walikutajia wanaume watupu. Ukafunga kalamu, ukasema kamati isiyo na mwanamke huiandikishi. Abti Dagane, ndugu wa mama yangu, akachoka na ubishi wako akasema, kwa Kiswahili chake kisicho na "p", "Weka Halima. Yeye nakaa karibu, atabika chai." Basi niliingia kwenye kamati kwa sababu ya sufuria. Lakini ulipouliza nani asiyehama na mifugo, ili akae na ufunguo mmoja wa koki na wewe ukae na wa pili, ikaonekana ni mimi tu, na kibanda changu cha chai pale kando ya pampu. Wazee walitazamana. Ukanipa ufunguo mbele yao, na tangu siku ile hakuna aliyenituma chai kwenye mkutano bila kusema tafadhali. Asante kwa hilo, Mutiso. Sikuwahi kukuambia.

Sheria yako ilikuwa nyepesi kueleza na ngumu kufuata. Bomba la watu liwe wazi siku zote, lakini mvua ikijaza silanga, koki ya hori za mifugo ifungwe kwa kufuli mbili. Wanyama waende kunywa kule mbali kwenye silanga, nyasi za karibu na kisima zipumzike mpaka jilaal, kiangazi chetu kile kisicho na huruma. Babu zetu walikuwa wakifanya hivyohivyo bila kufuli. Ilipokuja pampu, maji yakawa hayaishi, tukasahau. Wewe mwenyewe ulikiri kwamba hukuleta kitu kipya, umeleta chuma tu.

Abti Dagane hakutaka kusikia. "Mungu nafungua maji, serikali nafunga?" Nawe ukamjibu kwa upole uleule uliokuwa ukiniudhi hata mimi: "Mzee, maji yana pampu. Nyasi ina pampu?" Akainuka, akaacha chai yake nusu kikombe. Kwetu hilo karibu ni tusi. Ukaimalizia wewe, na sukari yake yote.

Jilaal iliyofuata ilikuwa mbaya. Tulipofungua kufuli, nyasi zilikuwepo, zimekauka lakini zipo, na ngamia wa abti walisimama wakati wa wengine walikuwa wakianguka njiani. Hakukushukuru hata mara moja. Nikakuuliza kama haikuumi, ukacheka, ukasema ngamia wake wamekushukuru kwa maziwa. Wewe uliyekuwa ukiyanywa maziwa hayo umefumba macho kama mtoto anayepewa dawa.

Habari ya kifo chako ilinikuta nikimimina chai. Nilimimina mpaka ikamwagika mezani. Nikasema *inna lillahi*, maneno tunayowasemea wafu wetu. Najua ulikuwa mtu wa kanisa. Nisamehe, sina mengine.

Baadaye mkeo aliukuta ufunguo kwenye koti lako. Hakujua unafungua nini, lakini alijua hukuwa ukitoka nyumbani bila huo, akautuma kwangu kwa mwenzako wa ofisini. Nikawa na funguo zote mbili, na usingizi ukanitoka.

Kisha mvua ikaja, nikafunga. Asubuhi moja wachungaji wakaja na msumeno wa chuma, binamu zangu wakiwemo. Mmoja akasema, "Mwenye sheria amekufa. Sasa hii ni sheria ya nani?" Nilisimama mbele ya koki. Nilijua wakikata, mifugo ya kila upande itajaa hapa na nyasi zitakwisha kabla ya jilaal kuanza. Nilijua pia kwamba mwanamke wa chai peke yake hawezi kuzuia msumeno.

Abti Dagane akaja na fimbo yake, polepole. Nikasema moyoni, haya, leo ndiyo siku yake. Akanipita bila salamu. Akakalia kifuniko cha koki, juu ya kufuli zako mbili, akaweka fimbo magotini. Akawatazama vijana, akawasemesha kwa Kiswahili, yeye anayekichukia, nadhani ili wajue ni maneno ya nani.

"Maji iko na bambu," akasema. "Nyasi iko na bambu?"

Hakuna aliyekata kitu, Mutiso. Walikwenda silanga. Nami nililia mbele za watu, na sioni haya kukuambia.

Ofisi yenu ilipokuja kuuliza ufunguo wa pili akae nao nani, kamati ilimtaja yeye, nami nikamkabidhi kwa mkono wangu. Anauvaa shingoni pamoja na tasbihi. Siku ile alikunywa chai yake mpaka mwisho.

Pumzika sasa, ndugu yangu. Umelala mbali, kwenye milima yenu ya kijani, nami sijui kama nitafika. Ila nakuahidi hili: silanga zikijaa tutafunga, zikikauka tutafungua, mimi na abti pamoja. Na siku ya kufungua, maziwa ya kwanza ya ngamia wake nitamtumia mkeo. Mwambie Mungu wako ampe ujasiri wa kuyanywa.

Halima wa chai