Mti Hauna Chapa

Baba,

Mjukuu wako sasa hivi ametumbukiza mkono mzima kwenye bakuli la asali, akajipaka kichwani kama mtu anayejiandaa kwenda harusini. Nimemfuta, kacheka, halafu mkono wa pili akaupitisha hapa kwenye karatasi. Ukiona barua inanata, si mimi.

Shikamoo, Baba. Marahaba yako naisikia.

Niko chumbani, hapa Cheyo kwa wakwe. Uani wamekaa wazee wa upande wa mume wangu, leo wanaamua jina la mtoto. Mtoto anatambaa mpaka mlangoni, anasimama kwa kushika stuli, bado tunamwita Bwana Mkubwa! Mimi nilisema toka alipozaliwa, huyu ni Mihambo, jina lako wewe babu yake. Mume wangu akakubali. Mama mkwe akakataa. Si kwa ubaya. Anampenda mno, ndiyo maana anaogopa. Aliniambia, "Mwanangu, jina halitembei peke yake. Baba yako kafa na kansa ya ubongo, na wewe mwenyewe ulisema madaktari walipima vinasaba. Si ndiyo vile vya redioni, vya kujua mtoto ni wa nani? Basi hiyo kitu iko kwenye damu yenu. Unataka niiite kwa jina ije?"

Nikaenda jikoni nikalia, nikasingizia moshi.

Hapo nikakukumbuka tulivyopanda treni kwenda Dar kwenye upasuaji. Kichwa kinakugonga, na bado unawachekesha abiria: "Babu zetu Wanyamwezi njia hii waliipiga kwa miguu, mzigo juu ya kichwa. Wangu uko ndani, na nimekaa kwenye siti. Nani kama mimi?"

Baada ya upasuaji ulifungwa bandeji ukawa kama shehe na kilemba chake. Yule daktari mama akatueleza polepole. Uvimbe walioutoa wameuchunguza vinasaba vyake, vya uvimbe wenyewe, na wamekuta alama inayoonyesha dawa itaushika vizuri. Hakutudanganya. Alisema ugonjwa ni mkali na utarudi, ila wenye alama hiyo mara nyingi wanapata muda zaidi. Akasema wamepima na damu yako, hawakuona kitu cha kuturithisha. Mimi nikawa naitikia tu, sijaelewa hata nusu. Wewe ukanigeukia: "Si kama mzinga wa nyuki, mwanangu? Nachonga mzinga, halafu naupiga chapa kwa chuma cha moto. Ule mti nilioukata ulikuwa na chapa? Hauna. Na ndugu zake waliobaki msituni hawana." Daktari akasema, "Ndivyo hivyo, mzee."

Akakuomba kipande cha uvimbe kibaki maabara, wajifunzie kwa ajili ya wagonjwa wengine. Ukamwambia, "Kaeni nacho. Mkinirudishia nitakiweka wapi, kabatini?" Wauguzi hoi. Baba, mimi sikucheka. Nilikuwa nakuangalia tu, nawaza, huyu ni baba yangu.

Na dawa ikashika kweli. Majirani wa kwetu Kwihara walikuwa wameshakuaga, wewe ukarudi msituni kulina asali na kofia yako ya sufu. Mkono wa kushoto ulipogoma ukasema huo ulikuwa mvivu toka zamani. Ukaliona tumbo langu. Ukaweka sikio, ukasema kuna mtu anahamisha vyombo humo ndani. Hukumngoja. Lakini ulimsikia. Muda ule tulioongezewa, Baba, muda ule… Nimeshukuru.

Juzi nilimweleza mama mkwe yote hayo, kwa maneno yako ya mzinga. Alikuwa anapepeta mchele. Akapepeta, akapepeta, nikajua hanisikilizi. Halafu akauliza, "Alisema hivyo kweli, na kidonda kichwani?" Nikasema ndiyo, Mama. "Huyo mtu hakuwa mwoga." Akarudia kupepeta. Leo huko uani sijui amewaambia nini.

Pumzika, Baba yangu. Wakikubali, wakikataa, nakuahidi hiki kimoja: mwanangu nitampeleka Kwihara akaijue mizinga yako, na siku atakayoniuliza babu alikufa na nini, nitamwambia wazi, kwa sauti ya kawaida. Sitanong'ona. Na nitamwambia kuna watu watatibiwa vizuri zaidi kwa sababu babu yake alisema kaeni nacho.

Wamenyamaza huko nje.

Baba! Umesikia? Ni mama mkwe, anaita mpaka majirani wanasikia: "Mama Mihambo! Mama Mihambo we, mlete mjukuu wangu hapa!" Mihambo, kasema, kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya wazee wote, na mimi mikono imejaa asali hata sijui nimbebeje. Naenda, Baba!