Juni Hii Siji Mlali

Gulwe, 2 Juni

Shikamoo mama,

Karanga zimefika, ila usijisumbue tena, bora ungeziuza. Huku upepo wa baridi umeanza, na shule wameipaka rangi upande wa barabarani tu.

Mama, siji kumchukua mwanangu Jordan. Likizo ya darasa la saba imefutwa ili wafidie masomo waliyoyakosa. Kwenye mkutano wa wazazi nilitaka kukataa. Kabla sijasimama, baba mmoja akasema, "Mwaka jana mwalimu Ruthu alipokwenda kujifungua, watoto wetu walikaa miezi mitatu bila mwalimu wa hesabu." Wote wakanigeukia. Nikanyoosha mkono, nikasema nitafundisha. Wakanipigia makofi.

Basi niko darasani asubuhi hadi jioni. Watoto wanasinzia, nami nawafokea kana kwamba wao ndio walionifungia humu.

Ulisema nikuachie Jordan mwezi mmoja tu, asahau kunyonya. Huu ni wa tano, maana hata Pasaka tulifundisha. Maziwa yenyewe yalishakauka. Juzi uliponipigia simu, haikukatwa na mtandao, niliikata mimi. Nilimsikia akimwita mdogo wangu Anitha mama, na Anitha akimkanya: "Mimi ni mama mdogo. Mama yako yuko Gulwe."

Mwambie asimkanye tena. Mtoto akiita mama, mtu aitike.

Mwanao uliyemsomesha ualimu,
Ruthu