Fataki za Leland na Risasi Ishirini za Karis

Mpendwa Mshauri,

Fataki, kwa wasomaji wako wasiojaza risasi zao wenyewe, ni kikombe cha madini kisichozidi punje ya dengu, kinachokaa kwenye kitako cha ganda la risasi na kubeba chembe ya kemikali inayowaka inapogongwa. Kazi yake ni moja, kuwasha baruti, lakini ziko fataki za moto wa kawaida na ziko za moto mkali, na mtu akiweka moja mahali pa nyingine bila kupunguza baruti, kipimo kilichokuwa salama jana huenda leo kisiwe salama. Naanza na maana hiyo kwa sababu aibu yangu yote imo ndani ya kikombe hicho, nami nakuomba msaada kabla haijageuka kuwa msiba.

Nina miaka sitini na mitatu, naishi mwisho wa barabara ya changarawe kwenye kijito cha Cottonwood, na kwa miaka thelathini jirani yangu alikuwa Leland Haugen, aliyenifundisha kujaza risasi na ambaye tulimzika Machi, mtu ambaye penseli yake haikuandika kipimo mpaka amekipima mara mbili, na mwaka huu, kama unavyojua, rafu za fataki madukani zimekuwa tupu tangu masika, basi mwezi Agosti mkewe Verna akaja mlangoni kwangu na pai ya rubabu, ile mboga chachu ya bustanini, mkono mmoja na sanduku la fataki mkono wa pili, akaniambia, “Orrin, hizi ni za Leland, yeye angetaka zikae kwako,” nami nikamshika tu mkono.

Nikajaza risasi hamsini kwa kipimo changu cha siku zote, kilicho karibu na kikomo, na ishirini nikazitia kwenye kisanduku nikampelekea Karis, mjukuu wao wa miaka kumi na tisa, kwa sababu Jumamosi ijayo msimu wa kuwinda unafunguliwa na atapanda mlimani kwa mara ya kwanza bila babu yake, akiwa na bunduki ya babu yake, nami sikuwa na njia nyingine ya kuishukuru familia ile, maana kwetu mtu hampi mwenzake risasi za mkono wake ila awe anampenda.

Jana nikapeleka zangu uwanja wa shabaha, mbili zikatoka shwari, ya tatu komeo la bunduki likagoma, nikalipiga kwa kiganja ndipo likafunguka, na ganda lilipotoka fataki yake ilikuwa imebapa kama kifungo kilichopigwa pasi, dalili ya msukumo uliozidi, ya nne shwari, ya tano vilevile kama ya tatu, na hapo nikaelewa kwamba ndani ya sanduku lile mna fataki za aina mbili, zote rangi moja ya shaba, na kwamba hakuna jicho litakalozitenganisha. Na lililo baya zaidi, Mshauri, ni kwamba niliona dalili mapema, kwa sababu trei mbili za kushikia fataki ndani ya sanduku lile hazikufanana na nyingine, nikajiambia Leland alikuwa na sababu zake, nikaendelea.

Sasa nikimwambia Karis, nitakuwa nimemwambia Verna kwamba mumewe, ambaye kanisa zima lilisifu umakini wake juu ya jeneza, alichanganya fataki, na kwamba zawadi yake ingeweza kumuumiza mjukuu wake. Nimefikiria kwenda kwa Karis kwa kisingizio fulani na kubadilisha kisanduku kimyakimya. Je, nitakuwa nimekosa?

Wako mwenye shukrani na wasiwasi,
Orrin Tveit

*

Bwana Orrin,

Wasomaji watashangaa kuona jina lako limeachwa wazi. Umeniruhusu, na Verna na Karis pia. Barua yako ilinifikia Jumanne. Gazeti hili hutoka Alhamisi. Mtu mwenye simu ukutani, aliye maili mbili kutoka kwa msichana anayebeba risasi za hatari, hanunui stempu. Ndiyo maana nilikupigia kabla sijamaliza ukurasa wa pili, na ndiyo maana sauti yangu haikuwa tamu.

“Bi. Thora, nilitaka kwanza kusikia utasema nini,” ukaniambia.

“Nasema vaa koti.”

“Sasa hivi? Nina supu jikoni.”

“Izime, Orrin! Supu haina komeo.”

Ulikwenda, na kwa hilo nakushukuru kwa dhati. Uliyonisimulia baadaye nayaweka hapa, kwa kuwa kila nyumba bondeni ina sanduku kama lile.

Ulimkuta Verna na Karis mezani. Ukasema yote kwa pumzi moja, huku umeshika kofia. Verna akasema, “Leland hakuchanganya kitu. Ni mimi.” Wiki moja baada ya mazishi alikuwa akifagia karakana ya Leland, rafu ikaachia, trei zikamwagika sakafuni. “Niliziokota moja moja kwa kijiko cha jemu, nikazipanga popote palipokuwa na nafasi. Niliona haya kukuambia. Ungedhani nakupa takataka.”

“Kijiko cha chuma, Verna? Ungeweza kulipuka!”

“Sikulipuka. Kwani hiyo pai uliyokula mwezi wa nane ilipikwa na mzimu?”

Kumbe siku zote ulikuwa ukimfichia marehemu kosa ambalo hakulitenda. Ulimheshimu mno kiasi cha kutomwamini: ungalimwamini kweli, zile trei mbili zingalikusimamisha, kwa kuwa Leland unayemjua asingeziweka pale. Jicho lako liliona sawasawa. Adabu yako ndiyo iliyolifumba.

Kisha Karis akainuka, akaenda chumbani, akarudi na soksi ya sufu. Ndani yake kilikuwamo kisanduku chako, hakijafunguliwa.

“Usinikasirikie, Mzee Orrin,” alisema. “Babu alinifundisha nisipige risasi iliyojazwa na mtu mwingine, hata angekuwa mchungaji wa kanisa. Nilinunua za dukani. Nilipanga nikirudi nikwambie zako zimelenga vizuri sana.”

“Ungenidanganya?”

“Ungefurahi au usingefurahi?”

Umeniambia ulicheka mpaka ukakaa chini, na kwamba Verna alilia kidogo na kuwakatia mkate. Sishangai. Watu watatu walitaka kuonyeshana shukrani, na kila mmoja akachagua kunyamaza kuwa ndiyo shukrani yake. Aliyemwokoa Karis ni Leland, kwa sentensi moja aliyoisema akiwa hai. Usisahau kumshukuru kwa hiyo utakapopita makaburini.

Sasa sikiliza. Risasi zote zilizobaki, zako na za Karis, zifumue, utoe kichwa na baruti. Usitafute zilizo shwari miongoni mwake, kwa kuwa umekiri mwenyewe jicho haliwezi. Fataki zilizosalia sandukuni usizijaribu, usizihurumie, wala usizitupe kwenye pipa. Piga simu kwa watu wa zimamoto uwaulize watazipokea vipi, na mpaka wajibu, ziweke mbali na joto na watu. Ukipata fataki mpya, zichukue katika kasha la kiwanda lisilofunguliwa, za ukubwa na aina ile ile inayotajwa na kitabu cha vipimo kwa baruti yako. Usizihamishe kamwe kutoka kasha lake. Ukilazimika kubadilisha aina, hata ya kiwanda kingine tu, ujue umeanza upya: rudi chini kwenye kipimo cha kuanzia, upande polepole ukisoma kila ganda. Moto mkali haumfanyi mtu awe mwindaji zaidi. Una kazi yake, kwa baruti nyingi isiyoshika upesi na kwa baridi kali, na mahali pasipo kazi yake ni hatari tu. Na juu ya kila kisanduku cha risasi andika fataki gani, baruti gani, tarehe gani, mkono wa nani.

Kwako Verna, sina la kukukemea, mama, ila kijiko.

Limebaki jambo moja ambalo nimelipima tangu Jumanne na mizani haijatulia. Kanuni aliyoifundisha Leland ni sahihi, nami naifuata: usipige risasi ya mkono wa mwingine. Lakini Orrin ananiambia kwamba kwa miaka thelathini, kila Oktoba, Leland alimletea risasi ishirini alizozijaza mwenyewe, na Orrin alizipiga zote, na mbili kati ya hizo ndizo zilizolisha nyumba yake mwaka aliovunjika mguu. Leland aliijua kanuni, akaifundisha, na akaendelea kugawa. Je, alikuwa akiivunja, au alijua kuhusu mkono wa jirani jambo ambalo kanuni haiwezi kulisema?

Thora Ekeland