Bibi Agata na Nchi ya Chini ya Maji

Mikumi,
Kijiji kipya, nyumba za karibu na darasa

Mama yangu mpenzi,

Sasa hivi tu, kabla sijashika kalamu, mjukuu wako Tausi amekaa kitako mlangoni, amepakata kitabu juu chini, anamsomea kuku. Anafunua ukurasa, anaweka kidole, anasema "ba, ba, dededede," halafu anamtazama kuku kuona kama amesikia. Na kuku naye amesimama, shingo upande, kama mtu anayengoja kuambiwa kilichofuata. Nikacheka mpaka nikashika mbavu. Kisha kicheko kikakatika, maana nimejiona mimi. Yuko mtu ambaye nimekaa mbele yake hivyo hivyo, naye akaniamini, na ndiyo sababu ya barua hii.

Nimemtanguliza mtoto kabla ya salamu, unisamehe. Shikamoo mama. Mguu wako unaendeleaje na mvua hizi? Mto Mkondoa umepanda mpaka kwenye matuta ya mchicha, au mwaka huu umekuonea huruma? Hadija mdogo wangu unayemsomea mama, hujambo nawe. Soma polepole, usirukeruke, na mama akisema rudia, rudia.

Sisi huku wazima. Baba Tausi bado yuko Kidodi kwenye kupakia miwa, anakuja pale lori linapopata safari ya huku. Mahindi ya shamba la kijiji yametoa mbelewele, na kazi kubwa ni kufukuza nyani. Tembo hatumfukuzi, tunamwomba tu apite njia nyingine. Tausi anatembea, anaanguka, anajipa pole mwenyewe, anaendelea.

Mama, nilikwambia kwamba nimepewa ufunguo wa kabati la vitabu. Mwalimu Petro, yule anayefundisha kisomo cha watu wazima, aliuliza nani hapa amefika darasa la nne. Nikanyoosha mkono nikidhani anatafuta mtu wa kugawa chaki. Kumbe ni kabati. Ufunguo nimeufunga kwenye pindo la kanga mpaka leo, na wanawake kisimani wananiita Bibi Kabati, eti nikipita niwafungulie droo.

Sikujua kama vitabu vina ladha mbalimbali kama mboga. Kipo cha ufugaji wa nyuki. Kipo cha chakula cha watoto, hicho ndicho kilichonifanya nitie karanga zilizotwangwa kwenye uji wa Tausi, na ungeyaona mashavu yake sasa ungeyauma. Kipo cha askari anayemsaka mwizi wa kahawa, nami nilimjua mwizi kabla ya askari, nikawa natwanga huku nasema peke yangu, "Ni huyo karani, mbona humwoni?" Kipo cha mashairi, sikielewi sana, lakini mdomo unakipenda. Kipo cha nyota na mwezi, kinasema mwezi hauna mwanga wake, unaazima kwa jua. Na vipo vya majini, vya ndege wenye kusema, vya miji iliyofichwa. Vyote nimevila, mama. Nasoma nikikoroga uji, nasoma nikinyonyesha. Najua utauliza mwanamke mwenye mtoto na jembe anaipata wapi nafasi. Naiiba. Maharage yameniungulia mara nyingi, na jirani amekwisha zoea harufu, ananiuliza kupitia ukutani leo nimefika ukurasa wa ngapi.

Hayo ya maharage hayaniumizi. La kuniumiza ni la Bibi Agata.

Bibi Agata ni mtu wa Vidunda, mlimani. Wenzake walipotelemka kuja vijiji vipya naye alitelemka, na mwanawe Kaspari ndiye aliyekuwa anavusha mizigo mto Ruaha. Alivusha ya watu wote. Kwenye kurudi kuchukua kinu cha mama yake mto ukamchukua. Walimtafuta mpaka wakachoka, hawakuona hata shati. Kwa hiyo Bibi Agata hajazika mtu. Wazee wa kwao walimwambia aanue tanga, akawauliza tanga la nani. Hanyoi nywele, wala hataki kuambiwa pole. Macho yake yameingia ukungu, anatembea kwa kushika ukuta, na nyumba yake imegusana na yangu. Jioni jua likipoa anakuja kwa kugonga fimbo, nampa shikamoo, ananiitikia marahaba mwanangu, anakaa kwenye kigoda, ananiambia, "Haya, soma."

Nilianza na kile cha wadudu. Kinasema ndani ya kichuguu yumo malkia wa mchwa, mnene kama kidole gumba, hajapata kuliona jua, na wote wanamlisha yeye. Bibi Agata akapiga goti lake. Akasema kweli tupu, yeye alikwisha mchimbua utotoni huko mlimani, na huyo aliyeandika lazima alikwenda Vidunda. Nikaja na kile cha mwezi. Nikamsomea kwamba watu wamepanda mpaka mwezini, wakakanyaga, wakarudi na mawe. Hapo hakukubali. Akasema vijana mnawadanganya wazee. Kesho yake Mwalimu Petro alipita, Bibi akamwuliza, na Mwalimu akamwambia ni kweli kabisa, Bibi, wamefika. Akacheka, akasema basi yeye amezeeka kabla mambo hayajaanza.

Kitabu cha tatu kilikuwa cha nchi ya chini ya maji.

Mama, ni hadithi nzuri, sijasoma nzuri kuishinda. Watu waliochukuliwa na mto hawafi, wanakaa huko chini, wanalima, wana ng'ombe wenye pembe za kijani, na juu yao mto ndio mbingu yao. Mama mmoja anakwenda ukingoni alfajiri na chakula kilichopikwa na mkono wake, anamwita mwanawe kwa jina la nyumbani, na mtoto anatoka majini, nguo kavu. Nilikuwa nasoma kwa raha, sauti imenikolea. Nilipoinua macho nikamwona Bibi Agata ameacha kupumua. Kigoda amekisogeza mpaka magoti yetu yamegusana.

Hapo ndipo ningesimama. Sikusimama. Nilipunguza mwendo ili azidi kusikia. Nilipenda ule uso, mama, sijapata kusikilizwa hivyo na mtu tangu nizaliwe.

Nilipofunga kitabu akaniuliza, "Mwanangu, hayo ni ya kweli?"

Nikamjibu, "Yameandikwa, Bibi."

Si uongo. Yameandikwa. Lakini sivyo alivyoniuliza. Akaniuliza tena, kitabu kinataja ndizi za kuchemsha, je, kama mtoto mwenyewe hali ndizi? Nami, Mungu anisamehe, nikamwambia nadhani ni chakula chochote alichokipenda. Hilo halimo kitabuni hata kidogo. Nimelitia mimi.

Nilidhani litaisha kama ndoto. Kumbe kesho yake akaanza kukusanya ulezi, ndio aliokuwa anaupenda Kaspari. Akaomba samli kwa mama mmoja wa wafugaji kule bondeni, yule mama akampa bila kuuliza ni ya nini. Akanyoa nywele. Kijiji kizima kikafurahi, wakasema Bibi Agata ameanua tanga hatimaye, wakaja kumpa pole, naye akazipokea zote anatabasamu. Mimi peke yangu ndiye ninayejua kwamba hajanyoa kwa ajili ya msiba. Amenyoa kwa ajili ya mgeni.

Nilikwenda kwa Mwalimu Petro. Alicheka. Akasema, "Hiyo ni hadithi, Mama Tausi. Kila mtu anajua."

Nani anajua? Wewe ukitutambia hadithi pale jikoni ulikuwa unatuita kwanza, nasi tunaitika: hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Hata Hadija mdogo vile, amekaa pajani, alijua tumeuita uongo kwa hiari yetu na tutauaga tukimaliza. Kitabu hakimwitishi mtu. Cha mchwa, cha mwezi na cha mto vimetoka kabati moja, vimegongwa muhuri mmoja, na nimevisoma kwa mdomo mmoja. Bibi Agata atavitenganishaje? Aliniambia juzi, tena kwa kunihurumia kama mimi ndiye mjinga, "Kama watu wamekanyaga mwezini, Mama Tausi, mwanangu kukaa chini ya maji ni ajabu gani?"

Na safari ameipanga. Dereva wa lori anayeleta mbegu na chumvi amemkubalia kwamba kesho akirudi Kidodi atampakia, na mimi nimsindikize na kitabu, nikasome pale ukingoni maneno ya kuitia. Nilimwambia mtoto mdogo, njia mbaya. Akaniambia, "Wewe unakwenda kumwona mumeo, mimi nakwenda kumwona mwanangu. Tatizo liko wapi?"

Liko mtoni, mama. Pale Ruaha, akina mama wa Kidodi wanachota maji kwa kata iliyofungwa kwenye mti mrefu, wamesimama mbali, kwa kuogopa mamba. Naye haoni hatua moja mbele. Akiita na mwanawe asitoke, hatasema kitabu ni cha uongo. Atasema hakusogea vya kutosha. Namjua, atasogea.

Basi namkumbuka baba. Alipofariki kule kazini kwenye reli ulituambia amehamishiwa Tabora. Mimi nikawa kila treni ikipiga honi nakimbia stesheni, namtazama kila mwanamume anayeshuka na sanduku. Mjomba, aliyekuwa akipiga kengele ya stesheni, alikuwa ananipa niiguse. Zilikuwa siku nzuri zile, sikufichi. Halafu mchana mmoja ulikuwa unachambua mchele, hukuinua kichwa wala hukuacha kuchambua, ukasema, "Mwaju, baba yako hayuko Tabora." Basi. Nikakaa chini nikashika upande wa pili wa ungo. Najaribu kukumbuka kama nilikukasirikia, sikumbuki hasira. Nakumbuka tu kwamba treni ya kesho yake ilipiga honi sikwenda, na nilikuwa na mchana mzima sina pa kuupeleka.

Nilitaka kukuuliza ulijuaje kwamba siku yenyewe ndiyo ile. Ulingoja nikue kidogo? Au ulikuwa umechoka kuniona nikirudi? Lakini jibu lako likifika huku kesho itakuwa imepita zamani. Itabidi nijijibu mwenyewe.

Ngoja nitangulize salamu, karatasi inakwisha na moyo bado. Nisalimie mjomba wa kengele ya stesheni, mwambie mtoto wangu ana masikio yake. Shangazi mpishi wa vitumbua mpe shikamoo yangu, na asiseme nimekonda, hajaniona. Mama mwenye nyumba ya ng'ambo ya barabara, yule aliyenishonea gauni la kwenda shule, mwambie shule ile bado inanifaa, ingawa leo imenitia matatani. Hadija, nawe soma sana, lakini ukimsomea mama hadithi mwitishe kwanza. Nakuusia hivyo kama dada.

Mama, usidhani nitaviacha vitabu. Niliwaza kurudisha ufunguo, nikaufungua kabisa kwenye pindo, nikaufunga tena. Tausi akikua nataka avikute vyote, cha nyuki na cha majini, ila nataka ajue mlango gani ni wa wapi. Na Bibi Agata pia si mtu wa kufungiwa mlango. Nimefikiri hivi. Leo alasiri atakuja na ulezi wake tuupepete pamoja, ameniomba. Tukiwa tumeshika ungo, kila mtu na upande wake, nami sitainua kichwa, nitamwambia: Bibi, kile cha mto kina mtu aliyekitunga, labda naye alipotelewa na mtu. Hakikuwa cha kuendea safari. Mimi ndiye niliyekusomea kama ni kile cha mwezi, na lile la chakula nililitia mimi. Halafu nitakaa. Akitaka kunipiga na fimbo nitakaa. Akitaka kulia, hajapata kulia tangu atelemke mlimani, na nywele amekwisha nyoa, watu wamekwisha kumpa pole, labda kilio hicho kimebakiwa na kidogo tu ili kitimie. Na akitaka bado kwenda Ruaha kumwaga ule ulezi kwa kumwaga tu, kwa kumuaga, nitampeleka, nitamshika mkono mbali na maji. Hata mwakani nikiwa

Mama, honi. Lori limekuja leo badala ya kesho. Nasikia fimbo yake ukutani, anakuja haraka, sijapata kumsikia akienda haraka hivyo. Ananiita, "Mama Tausi, beba mtoto, beba kitabu, dereva hangoji." Tausi namfunga mgongoni. Kile kitabu cha mto alichokuwa anamsomea kuku nimemnyang'anya, nimekiweka juu ya kitanda, nimekifunika kwa shuka. Natoka mikono mitupu mama, na akinipapasa akaniuliza kitabu kiko wapi, papo hapo mlangoni nitamshika mikono nimwambie: Bibi, kile cha mto kina mtu